Umeme ukikatika: lithiamu ipi ukutani?

Ingia duka la sola Kariakoo, uliza betri ya kuwasha nyumba umeme ukikatika. Utaambiwa, "Chukua lithiamu kaka, achana na za maji." Sawa, ila lithiamu ziko za aina aina. Za majumbani ni mbili hasa: LFP, ya chuma na fosfati, na NMC, ya nikeli, manganizi na kobalti. Muuzaji akibabaika, soma lebo. Seli ya LFP ni volti 3.2, ya NMC ni 3.6 au 3.7. Kwa hiyo 12.8V (seli 4) au 51.2V (seli 16) ni LFP. Ukikuta 11.1V au 14.8V, huo ni ukoo wa NMC.

NMC sifa yake ni wepesi. Kilo kwa kilo inabeba umeme mwingi kuliko mwenzake, ndiyo maana magari mengi ya umeme yameipenda. Lakini betri ya nyumbani haiendi popote. Uzito wake unamsumbua fundi siku moja tu, ile ya kuipandisha ukutani. Hata Tesla, ambao betri yao ya nyumbani Powerwall 2 ilikuwa NMC, kwenye Powerwall 3 wamehamia LFP.

Wauzaji wa LFP nao wana wimbo wao: mizunguko 6,000, yaani kuijaza na kuimaliza mara 6,000. Kwa mwenye sola anayeimaliza betri kila usiku, hiyo ni miaka 16 na ushee, hoja nzito kweli. Lakini wewe ambaye umeme unakukatikia mara mbili kwa wiki unatumia mizunguko kama mia moja kwa mwaka. Kufika 6,000 ungehitaji miaka 60! Betri yako itakufa kwa uzee, haitakufa kwa kazi. Na kinachoizeesha ni kukaa imejaa pomoni kwenye joto, jambo ambalo betri ya akiba hufanya karibu mwaka mzima. Hapo ndipo NMC inapoumia zaidi, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua LFP kwa nyumba ya Dar au Mombasa, kuliko hiyo mizunguko.

Moto pia. NMC ikipata joto la kupindukia hutoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuizima ni shughuli. Fosfati ya LFP huishikilia oksijeni kwa nguvu, na huchelewa kufika huko. Anayekwambia "hii haiungui kabisa" anakuuzia maneno: ikiharibika vibaya nayo hutoa gesi zinazoshika moto.

LFP ina vituko vyake. Volti yake haishuki polepole kama ya betri za maji. Yangu ya 12.8V ilisoma 13.2 tangu magharibi, nikatulia na mpira wangu. Dakika ya 70 giza. Ikiwa nusu au ikiwa robo tatu, kipimo cha volti kinakuonyesha karibu namba ileile. Inatakiwa mita inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. NMC kwa hili ina nafuu, volti yake inashuka kwa kueleweka.

Cha pili ni inveta ya zamani, ile mashine inayoichaji betri na kugeuza umeme wake uwe wa nyumbani. Fundi akiiacha kwenye mpangilio wa betri za maji, zipo zinazopandisha chaji hadi volti 15 na zaidi ili kusawazisha seli. BMS, ile bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, inakata, na mwenye nyumba anaanza kulaani betri mpya. Kwa betri ya 12.8V, mwambie fundi aweke kiwango cha juu volti 14.2 hivi, na hicho cha kusawazisha akizime.

Halafu ukubwa. 51.2V kwa 100Ah ni uniti 5 na kidogo, uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Taa, feni, runinga na ruta, wati 200 jumla, zinakufikisha asubuhi na chenji inabaki. Pasi usiiguse.

Yangu ilikuwa stoo, chini ya bati, karibu na mtungi wa gesi. Nimeishusha ukumbini, nyuma ya mlango. Mama watoto hapendi inavyoonekana, ila saa nane mchana ukiishika haikuchomi.