Australia na tarehe 26 Januari: hiyo mila ina umri gani?

Kila Januari Waaustralia wanarudia ugomvi uleule, sikukuu ya taifa ibaki tarehe 26 kwa kuwa eti ni mila, au ihamishwe, na ukiusikia juujuu unaona kama watu wazima wanagombania kalenda. Ni siku ambayo Arthur Phillip, kiongozi wa walowezi wa kwanza wa Kiingereza, alisimika bendera ya Uingereza pale Sydney mwaka 1788. Wenyeji wa asili, yaani Waaborijini, wengi wanaiita siku ya uvamizi.

Wanaotaka ibaki sio wote wabaguzi, tusidanganyane. Uraia wa Australia wenyewe kisheria ulianza 26 Januari 1949 na mpaka leo maelfu ya wageni wanaapishwa siku hiyo, wamo na Wakongo waliopitia kambi zetu hapa Tanzania, sasa mtu amekaa Nyarugusu miaka na miaka halafu umwambie siku aliyopata uraia ni ya msiba, unamuonea. Hata seneta Jacinta Price, mwenyewe ana damu ya Waaborijini, hataki iguswe.

Ila kinachonishinda ni hilo neno mila. Mila gani? Nchi nzima kupumzika tarehe 26 yenyewe kumeanza 1994. Tisini na nne jamani, mwaka Mandela anaapishwa! Kabla ya hapo mapumziko yalikuwa yanasogezwa mpaka Jumatatu ili watu wapate wikendi ndefu wachome nyama, na wala taifa halikuvunjika, yaani kwa ajili ya nyama choma tarehe inasogea, akiomba mwenyeji ndio inakuwa anafuta historia.

Na kilio cha wenyeji ndio cha zamani. 1938, serikali inasherehekea miaka 150, wanaharakati wa Kiaborijini kina William Cooper na Jack Patten wakaitisha Siku ya Maombolezo Sydney, ukumbini wakaingizwa kwa mlango wa nyuma. Siku hiyohiyo kulikuwa na igizo la Phillip kushuka ufukweni, Waaborijini wa Sydney wakagoma kuigiza, basi wakaletwa wanaume kutoka Menindee, huko mbali kabisa bara, wakafungiwa kwenye mazizi ya farasi wa polisi Redfern, mtaa wa Sydney, mpaka siku ya shoo, kisha wakaambiwa wakimbie mchangani kama wanaowaogopa wazungu. Hiyo ndiyo sherehe yenyewe.

Kuna wanaosema wananchi walishaamua kwenye kura ya maoni ya 2023, asilimia 60 walikataa. Walikataa kweli, lakini waliulizwa habari ya chombo cha wenyeji kushauri bunge, tarehe haikuwemo kwenye ile karatasi.

Kuhusu wanaoapa, mwisho wa 2022 serikali ililegeza, halmashauri zinaweza kuapisha hata siku 3 kabla au 3 baada ya tarehe 26. Mkongo aliyeapa tarehe 24 pasipoti yake ni ileile.