Nilisema Simama, Wakasoma Njooni

Tuanze na kikombe, maana kesi yote imeanzia kwenye kikombe.

Mimi ni fundi wa vichwa vya treni. Nilikuwa na kikombe changu cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, na siku moja kikapotea. Nikaandika tangazo kwa kalamu nene: ALIYECHUKUA KIKOMBE CHANGU AKIRUDISHE, NAMJUA. Simjui hata kidogo. Ubao wa matangazo wa karakana ulikuwa umejaa. Nikaona karatasi moja ndefu yenye mhuri, nikasema hii ni mambo ya likizo tu, nikabandika langu juu yake.

Ile karatasi ilikuwa inasema kwamba Jumatano kikosi cha uokoaji cha helikopta ya polisi kitafanya mazoezi kwenye njia ya reli isiyotumika, nyuma ya karakana. Kutakuwa na mtu wa kujitolea, kizibao cha rangi ya machungwa, juu ya paa la behewa, akijifanya majeruhi. Mfanyakazi yeyote asipande juu ya paa lolote kuanzia saa 3 hadi saa 5.

Saa 3 na nusu nilikuwa juu ya paa. Na kizibao cha rangi ya machungwa, kama kawaida.

Kwa asiyejua: injini ya kichwa cha dizeli cha aina yetu haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizokaa kwenye ekseli, na hizo ndizo zinazovuta. Joto lake si la mchezo, ndiyo maana juu kuna mafeni ya rejeta, na mimi nilipanda kukagua feni moja iliyokuwa inakwaruza. Nikamaliza. Nikageuka. Ngazi haipo.

Tuna mwanagenzi mmoja, kijana mwenye adabu kupita kiasi. Alikuwa ameihitaji ngazi upande wa pili wa uwanja, akaona asinisumbue mzee wake kwa maswali, akaibeba kimyakimya.

Kutoka paani hadi kwenye reli ni kama mita 4. Kwa umri wangu huko si kuruka, ni kuaga. Nikaita. Lakini kompresa ilikuwa inanguruma, na kwenye karakana ya treni sauti ya mtu ni kama kupiga mluzi ndani ya ngoma. Nikakaa kitako kando ya feni nikisubiri mtu apite.

Aliyepita alipita angani.

Sikujali mwanzoni. Ikakaribia, ikasimama hewani, na upepo wake ukalifikia rundo letu la mchanga. Kila kichwa hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku, unamwagwa mbele ya magurudumu reli ikiteleza. Mkavu, narudia, tena tunaukausha makusudi. Mchanga wote ukainuka kwa pamoja ukaja kunitazama usoni.

Nikaona hawa lazima wasimamishwe. Nikasimama wima, nikanyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa. Kwetu sisi watu wa reli ishara hiyo haina ubishi: hatari, simama! Dereva akiiona, anafunga breki kwanza, maswali baadaye.

Helikopta ikasogea karibu zaidi.

Nikasema labda hawajaona vizuri. Nikanyoosha mikono mpaka kizibao kikapanda kifuani. Ikasogea tena. Kumbe kwa watu wa anga mikono miwili juu, umbo la herufi Y, maana yake ni "ndiyo, nahitaji msaada". Ukitaka kukataa, unainua mkono mmoja na mwingine unaushusha, mshazari, kama N. Hayo nilifundishwa baadaye, nikiwa nimelala. Kwa hiyo kadiri nilivyowafukuza ndivyo nilivyowabembeleza.

Mlango ukafunguka, akashuka afande kwenye waya wa winchi. Mimi nina ukarimu wa kuzaliwa nao: nikaona mguu wa mgeni unaning'inia, nikaupokea. Mapanga ya helikopta yakikata hewa huijaza chombo kizima umeme tuli, na umeme huo humsubiri wa kwanza kugusa. Wao huacha waya au miguu iguse chini kwanza. Siku hiyo chini palikuwa mimi. Miaka yote nashika mota za treni sijapigwa, nikaja kupigwa na kiatu cha polisi.

Akanivisha mkanda kwapani. Nikamfokea sikioni, "Mimi si majeruhi! Mimi ni fundi!"

Akanijibu sikioni, "Safi kabisa, mzee! Endelea hivyohivyo!"

Nikapigana kidogo. Akainua kidole gumba kwa rubani, ishara ambayo nadhani ilimaanisha kwamba huyu anaigiza vizuri. Usishangae kwamba hawakuuliza mbona nipo juu ya kichwa na si behewa. Kwa mtu wa helikopta vyote ni treni.

Tukapanda. Nikiwa nazunguka kama kitasa kilicholegea, nikamwona majeruhi halali kwenye behewa lake kule nyuma, amepakwa rangi nyekundu mpaka shingoni, anapunga mikono yote miwili kwa uchungu wa kweli.

Halafu nikaona kitu kingine. Kwenye uwanja wetu kuna kichwa kinachosubiri mota, hakijasogea wiki 3. Juu ya paa lake, kimebanwa kati ya honi na bomba, kulikuwa na kitu kidogo cheupe. Ukingo wa buluu.

Wakanitua uwanjani, wakanifunga kwenye machela, wakanivisha kola ya shingo. Mganga wao akauliza leo siku gani. Nikasema Jumanne. Akaandika kitu kirefu.

Fomeni akaja mbio, karatasi mbili mkononi, moja imegandia juu ya nyingine. Aliniangalia muda mrefu.

"Kikombe kimepatikana?"

"Bado tunatafuta, bosi."

Nilikifuata Jumapili, karakana ikiwa tupu. Ngazi niliifunga kwa mnyororo, ufunguo nikapanda nao.