Laini ya nyumbani usiiache ife

Ndugu zangu mnaoishi nje, nina ombi moja kwenu, nalo linatoka moyoni: laini yako ya Tanzania usiiache ife.

Huku ninakoishi simu ni chombo cha shughuli. Inanikumbusha miadi ya daktari, inaniambia basi limebakiza dakika ngapi, inanifungulia akaunti ya benki kwa kuitazama tu. Utaratibu huo naupenda, umeniondolea foleni nyingi. Lakini siku inaweza kupita simu imelia mara kadhaa bila kuleta sauti ya mtu hata mmoja. Rafiki akitaka kunipigia, kwanza ananiandikia kuuliza kama nina nafasi. Nyumbani simu inaita tu. Shangazi hana shida yoyote, anakujulia hali, anakata. Hilo silioni huku, na sidhani kama kuna programu itakayoliziba pengo hilo.

Isitoshe, kwetu namba imebeba mambo mengi kuliko mazungumzo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008, na tangu hapo kwa watu wengi namba ndiyo pochi. Anayekutumia pesa huona jina lako lililosajiliwa kabla hajathibitisha muamala. Jina hilo likiendelea kutokea, hata kama umeondoka zamani, bado umo: unaombwa mchango wa msiba, unakopwa, unalipwa deni. Wapo wanaoona huo ni usumbufu, na wengine hubadili namba makusudi wakapumzike. Nawaelewa, maombi huchosha. Ila mimi naona kuombwa ni kuhesabiwa, na siku simu hizo zitakapokoma nitaumia.

Namba yenyewe hupotea kirahisi. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kidole hakitumwi kwa WhatsApp. Hata iliyosajiliwa vizuri, ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Mama anapiga, anapokea mgeni. Na zile namba za uthibitisho za barua pepe au benki zinaingia kwa huyo huyo mgeni. (Kama bado umeziunganisha na laini ya zamani, lishughulikie hilo leo.)

Najua mtaniambia intaneti inatosha, tunaonana hadi sura. Ni kweli, na nashukuru. Lakini si kila mzee ana simu janja. Wengi bado wako na kitochi, na hawatakutafuta popote zaidi ya namba waliyoizoea. Halafu kwenye kundi la familia mimi nasoma mambo yakiwa yameshakwisha: shamba limeshagawanywa, mgonjwa ameshahamishwa hospitali. Anayenipigia ananiuliza maoni yangu kabla uamuzi haujapita.

Kwa hiyo weka vocha hata kidogo, piga simu mara moja moja kwa laini hiyo, na ukienda likizo hakiki usajili wako kabla hujaanza kuzunguka kwa ndugu. Kwa upande wa wakubwa, ningependa kuona uhakiki wa laini unafanyika katika kila ubalozi wetu, kwa kidole kile kile na kitambulisho kile kile cha taifa, ili asiye na nauli ya ndege asipoteze namba yake.