Projekta Imefifia? Usikimbilie Dukani

Projekta ya nyumbani ikianza kufifia, kila mtu atakwambia ununue nyingine, siku hizi zimeshuka bei. Sikubaliani na ushauri huo. Mara nyingi tatizo ni taa au vumbi, na hicho kinachonunuliwa kwa bei rahisi huwa hakifikii hata nusu ya ile iliyotupwa.

Fungua menyu usome saa za taa. Taa za zebaki hukadiriwa saa 3,000 hadi 5,000 hivi, na mwisho wa saa hizo haumaanishi taa imekufa, bali mwanga umebaki karibu nusu. Sasa piga hesabu: picha ya inchi 100 ina eneo la mita za mraba 2.8 hivi. Chumba kikiwa giza kabisa, lumeni 500 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga) zinatosha eneo hilo. Projekta ya lumeni 2,000 iliyobaki na 1,000 bado inakutosha usiku, mradi pazia zimefungwa. Anayetaka kutazama mpira saa tisa mchana, madirisha wazi, huyo ana shida nyingine.

Kabla ya kununua taa, safisha kichujio. Chomoa waya, acha ipoe, vuta trei ya ubavuni, kisha pangusa kwa brashi laini ya kupakia rangi. Kikiziba, feni hupiga kelele na mashine hujizima baada ya dakika chache, kiashiria cha joto kikiwaka. Msiipeleke gereji kupulizwa na kompresa: upepo ule huja na maji na oili, ukaishia kwenye lenzi za ndani.

Ukibadilisha taa, subiri saa nzima baada ya kuzima. Legeza skrubu, vuta taa kwa kishikio chake, na usiguse kioo cha taa mpya kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa na kupasuka mapema. Mfuniko usipokaa sawasawa, swichi ya usalama itazuia projekta isiwake. Wengi hudhani wameuziwa taa mbovu. Taa ikipasuka ndani, fungua madirisha na toka chumbani, kwa sababu ya ile zebaki.

Ila kuna magonjwa ambayo sitoi pesa kuyatibu. Onyesha ukurasa mweupe mtupu, halafu mweusi. Madoa yenye kingo zilizofifia ni vumbi, yanasafishika. Mabaka ya njano au buluu kwenye projekta ya LCD, ile inayopitisha mwanga kwenye paneli ndogo za ndani zinazounda picha, kwa kawaida ni filamu za ndani zilizoungua kwa joto. Nukta nyeupe kali zisizohama kwenye projekta ya DLP, ile inayounda picha kwa vioo vidogo vya chipu, ni vioo vilivyokwama, nazo huongezeka. Hapo badilisha.

Badilisha pia kama unatumia ile ya ofisini yenye pikseli 1024 kwa 768. Picha pana ya king'amuzi hutumia mistari 576 tu kati ya 768, robo ya mwanga ikipotelea kwenye mikanda myeusi juu na chini. Taa mpya haitakupa ubora ambao paneli haina.

Ukienda dukani, usiamini "lumeni 9,000" iliyoandikwa kwenye boksi la kiprojekta cha LED chenye ukubwa wa kisanduku cha chakula. Uliza lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu sanifu, na pikseli za paneli yenyewe, maana "inakubali 1080p" (picha ya pikseli 1920 kwa 1080) ni maneno tu: inapokea picha hiyo kisha kuipunguza. Ya leza ni nzuri, saa 20,000 hivi hadi mwanga kufika nusu, lakini bei yake inahitaji mtu anayetazama kila siku.

Umeme ukikatika taa ikiwa moto, feni nayo inasimama, joto linabaki ndani. UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 inaipa projekta ya wati 300 dakika chache za kupoa, nami ningeinunua kabla ya taa ya pili.

Na ukinunua iliyotumika, ukikuta saa 150 kwenye mashine ya miaka minane, uliza taa ilibadilishwa lini. Kaunta hurudishwa sifuri kwa vitufe viwili vitatu.