Bonyeza Y, Utajua Hujui

Msimu wa korosho ukifika hakuna mjinga Mtwara. Bei ya juu ya mnada mtu anaijua, bei ya chini anaijua, makato ya chama anayataja moja baada ya jingine, na ukimdokoa shilingi 10 kwa kilo ghala zima litasikia. Mtu huyohuyo mkalishe mbele ya Linux ya Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Apt, chombo chake cha kusakinisha programu, inamwandikia nusu ukurasa: hizi zinaongezwa, hizi ZINAONDOLEWA, MB kadhaa zitapakuliwa, diski italiwa kiasi hiki, tuendelee? Wala hasomi. Y, enta. Kesho yake saa nane ya jua anatokea kwangu Shangani na kompyuta kwapani: "Fundi, imewaka lakini nyeusi."

Ilikuwa inasumbua? Haikusumbua. GNOME, eneokazi lake (yaani sura ya skrini, menyu na madirisha), ilikuwa inafunguka, barua zinaandikika, hesabu za duka zinakwenda. Ila kaona kwa shemeji yake Masasi KDE, eneokazi jingine, ina menyu kule chini kushoto, basi roho haikutulia: `sudo apt install kubuntu-desktop`. Jina moja, ukoo mzima nyuma yake. Ile ni pakeji (furushi la programu) ya mkusanyiko, yenyewe haina kitu ndani, kazi yake kuita wenzake, na wanaitika kwa mamia. Asubuhi ana vikokotoo viwili, terminali (dirisha la kuandikia amri) mbili, programu mbili za kufungulia mafaili, KWallet, mtunza siri wa KDE, inamdai neno la siri kila akigusa Wi-Fi, na hata nembo ya wakati mashine inawaka si ile. Hiyo nembo nayo imemuuma kuliko yote! Haya, `sudo update-alternatives --config default.plymouth`, chagua namba ya zamani, kisha `sudo update-initramfs -u`. Umeridhika?

Mashine ya RAM GB 2 mimi naipa Xfce, eneokazi jepesi, na sitaki ubishi. `sudo apt install --no-install-recommends xfce4`, inashuka nyembamba. Lakini ukisema usiletewe vya ziada, usije tena kulia kwamba kuna vitu havipo.  Alama ya Wi-Fi ikikosekana ongeza mwenyewe `network-manager-gnome`, ya sauti ikikosekana `xfce4-pulseaudio-plugin`, na siku ya kuingia bonyeza jina lako kwanza, halafu kile kigurudumu cha pembeni, uchague Xfce. Usipochagua utaingia palepale pa jana na kusema haikuingia.

Sasa kuna ile skrini ya zambarau inayojitokeza katikati ya kazi, inayouliza mlango wa kuingilia (pale pa kuandika neno la siri) uwe gdm3 au sddm. Hapo ndipo watu wanapofia. Mshale wa mausi haufanyi kazi, mtu anahangaika weee, anafunga dirisha zima. Bwana, ni vitufe vya mishale, Tab, enta, basi! Ukichagua vibaya hujafa: `sudo dpkg-reconfigure sddm`, itauliza upya. Na hata ikiwa nyeusi kabisa, Ctrl+Alt+F3 itakuletea maandishi matupu, ingia kwa jina na neno la siri (nyota hazitaonekana ukiandika, usidhani kibodi imekufa), amri ni ileile.

Ukifunga dirisha katikati, au umeme ukikata, maana gesi inatoka hapo Msimbati lakini umeme ukiamua kukata unakata tu, ukirudi apt inagoma. Na inakuandikia dawa yenyewe, herufi kwa herufi: `sudo dpkg --configure -a`. Inafuata `sudo apt --fix-broken install`. Hakuna haja ya kufuta mfumo mzima na kuanza na flashi upya, na bando lako halijapotea: vilivyokwisha kushuka vimekaa `/var/cache/apt/archives`, vinakusubiri. Hapohapo wajanja wanapata faida. Apt ikimaliza kusakinisha inavifagia, `apt-get` inaviacha. Kwa hiyo shusha kwa `apt-get` na bando la usiku, nakili kwenye flashi, mpe jirani mwenye toleo lilelile. Kama kwake hakuna kitu ambacho wewe ulikuwa nacho tayari, hicho atakishusha mwenyewe.

Mwingine anakuta ujumbe wa kufuli, `lock-frontend`, yaani kuna mwingine anasakinisha muda huo, anakimbilia kulifuta. Usilifute. Mashine inajisasishia yenyewe kimyakimya; acha imalize, kanywe chai.

Na tusionane wajinga sisi tu wa Kusini. Mwaka 2021 Linus Sebastian, Mkanada wa YouTube anayeishi kwa kompyuta, alikuwa anaweka Steam, duka la michezo ya kompyuta, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine. Pakeji ilikuwa na hitilafu, mfumo ukamwambia utang'oa eneokazi lote, na safari hii Y haikutosha, ukamtaka aandike sentensi nzima: `Yes, do as I say!` Akaiandika. Likang'oka.

Kurudi nyuma ndiko kwenye kazi. Mtu anaamuru `sudo apt purge kubuntu-desktop`, inang'oka hiyo moja, ukoo umebaki umejaa sebuleni. Fungua `less /var/log/apt/history.log`, tafuta `Commandline` yenye amri yako, chini yake `Install` inataja kila kilichoingia siku ile. Hao ndio wa kuwataja kwenye purge. Kwanza jaribu `apt-get -s purge` na majina yao: inakuonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu, soma kama kuna cha GNOME kinachoondoka nao.

Unamwonyesha. Anaitazama ile orodha kutoka juu mpaka chini, anapumua.

"Fundi, yote hayo? Basi iache tu. Ila niwekee na ile Xfce."