Sabasaba ya Dar, Saba Saba ya Nairobi

Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi kuzuia maandamano ya Saba Saba, na maduka mengi hayakufunguliwa. Siku hiyohiyo, Dar es Salaam, watu walikuwa wakimiminika viwanja vya maonyesho ya biashara ya Sabasaba kununua sufuria, kuonja juisi na kupiga picha. Sijui tarehe nyingine inayotutenganisha namna hii na jirani zetu.

Sabasaba yetu Watanzania ilianza 7 Julai 1954, chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kilipogeuzwa kuwa TANU chini ya Julius Nyerere, na Kiswahili kikawa lugha ya kudaia uhuru. Mwaka 1965 katiba ikaweka chama kimoja: TANU bara, ASP (Afro-Shirazi) visiwani Zanzibar.

Ya Wakenya ni ya 1990, na ina damu. Kenneth Matiba, aliyekuwa amejiuzulu uwaziri, na Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, waliitisha mkutano wa 7 Julai katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Serikali ikaupiga marufuku, na tarehe 4 Julai wote wawili wakatiwa kizuizini. Wananchi wakaenda hivyohivyo. Wakakutana na mabomu ya machozi na risasi, ghasia zikaenea hadi Nakuru, watu wakafa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini. Afya yake haikurudi tena kama zamani. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya, kilichoifanya KANU chama pekee, kikafutwa.

UNESCO ilipoitangaza tarehe hii kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, iliegemea historia ya TANU. Sawa, ni haki yake. Ila sherehe nilizohudhuria huwa na ngoma, mashairi na hotuba (ndefu, tena za wageni rasmi watatu wanaorudia jambo moja), na Kamukunji sijaisikia ikitajwa hata mara moja. Mimi ningewapa wazungumzaji wa Kenya jukwaa hilo siku hiyo, wasimulie ya kwao mbele ya mawaziri wetu. Kama tunasifu lugha kwa sababu ilidai haki mwaka 1954, kwa nini tuione aibu ilipodai tena miaka 36 baadaye?

Tena Nyerere mwenyewe asingekunja uso. Mapema mwaka huohuo wa 1990 alikuwa ameshasema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi si dhambi, na sheria ya kuviruhusu ikaanza kutumika kwetu tarehe 1 Julai 1992, siku sita kabla ya Sabasaba.