Wanaume Saba Waliokatika Viuno

Mpira ulio tumboni mwa askari wa kuchezea wa G.I. Joe hautoi taarifa kabla ya kufa. Unakatika tu, paa, na askari anabaki vipande: kiwiliwili huku, miguu kule. Anayewajua hashtuki. Mama mkwe wangu hakuwa anawajua, na ndiye aliyelala kwenye chumba chenye kabati lao.

Nawasema wale wadogo wa inchi 3¾, kama sentimita tisa na nusu hivi, waliotengenezwa na Hasbro, kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, kati ya 1982 na 1994. Mjomba wangu baharia ndiye aliyekuwa akiniletea, na waliosalia ni saba. Wazima hawapo. Gung-Ho hana dole gumba, ugonjwa wa ukoo mzima huo: plastiki ya kiganja hukakamaa kwa umri, ukimlazimisha kushika bunduki yenye mpini mnene, kidole kinaruka. Stalker ana alama za meno ya mdogo wangu kisogoni. Kuna rafiki aliwahi kunishauri ninunue Stalker mwingine asiye na meno, huyu nimtupe. Tunasalimiana, lakini si kama zamani.

Sasa, kwa nini wote saba wakatike usiku mmoja? Si ajabu hata kidogo. Ndani ya kila mmoja kuna pete ya mpira mweusi, oringi, iliyonyooshwa muda wote kati ya kifua na ndoano ndogo ya chuma iliyoshika miguu. Mpira unaokaa umevutwa huliwa na hewa haraka kuliko uliolegea, na joto la Dar linausaidia. Umri wao mmoja, kabati lao moja. Stalker alikatika wa kwanza, akaanguka kifudifudi, akampiga kikumbo wa mbele yake, ambaye mpira wake ulikuwa unasubiri kisingizio. Basi ikawa foleni.

Asubuhi mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, ushungi kichwani, mkoba umefungwa. Hakunijibu shikamoo. Alimwambia binti yake, huku akiniangalia mimi: "Mumeo ana watu kabatini. Wamekatwa viuno."

Nikaenda kuangalia. Ukweli ni kwamba mandhari haikunisaidia. Viwiliwili saba, miguu kumi na minne, ndoano saba, na vile vipande vya kati vinavyofanana na kaptula, saba vilevile. Kila mmoja ana tundu mgongoni lenye skrubu. Juu ya lundo alikaa Snake Eyes, mweusi tii kuanzia kichwani hadi kwenye buti, uso umefunikwa. Toleo lile la 1982 waliliacha bila rangi yoyote ili kupunguza gharama. Jaribu kumweleza mama mkwe habari za kupunguza gharama, saa kumi na mbili asubuhi.

Adhuhuri haijafika, baba mkwe akaingia na ustadhi wa mtaani kwao. Mkeka ukatandikwa. Askari wakaletwa kwenye ungo, kwa sababu mama alikataa wasiwekwe kwenye sinia la kulia.

Ustadhi alikuwa mtu mpole. Akamnyanyua yule mweusi. "Huyu jina lake nani?"

Kila askari alikuja na kadi ya kukata nyuma ya pakiti: jina halisi, kazi, mahali alipozaliwa. Mjomba alizikata vizuri kwa mkasi, ninazo zote. Nikasoma.

"Jina lake ni siri, ustadhi."

"Kazaliwa wapi?"

"Hapo pia wameandika siri."

Mama mkwe akavuta ushungi. Nikaona nimtoe haraka Stalker, ambaye mambo yake yako wazi: mwanajeshi, mzaliwa wa Detroit, Marekani. Na kwa kuwa ndiye ninayempenda kuliko wote, nikasoma kadi hadi chini, pale mjomba alipokuwa akinisomea kwa sauti ya redio: anazungumza Kihispania, Kiarabu, Kifaransa na Kiswahili.

Kimya.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema taratibu, "usiku wote ule nilipokuwa nazungumza na dada yangu kwenye simu, huyu alikuwa anaelewa."

Aliyeniokoa ni baba mkwe. Miaka yote alikuwa fundi wa karakana ya reli, na muda wote huo hakuwa anasikiliza kesi. Alikuwa ameokota kipande cha mpira ungoni, anakibonyeza kwa ukucha. Kikavunjika kama biskuti. "Huu si uchawi," akasema. "Hii ni sili imekufa. Nenda kalete nyingine."

Dukani kwa spea za pampu, kijana akaniuliza oringi ya wapi. Nikasema ya kiuno. Akauliza kiuno cha nini. Nikamwambia anipe tu ya kipenyo cha ndani milimita 12 na kidogo, unene usiofika milimita 2. Kipimo hicho usikichezee. Rababendi ya kufungia noti itashika kwa muda mfupi, kisha itayeyuka na kuacha uchafu unaonata. Oringi nene zaidi ni mbaya kuliko rababendi: inavuta kwa nguvu mno, na kinachopasuka si mpira, ni kile kikaptula. Kikishapasuka hakuna gundi inayokishikilia, maana mvuto wote uko hapo.

Niliporudi, baba alikuwa ameshavua koti. Bisibisi ndogo ya nyota mkononi, miwani puani.

"Mpange mmoja, nione."

Nikampangia Stalker. Ndoano inapita katikati ya miguu miwili, kila mguu unashika upande wake. Kikaptula kinavalishwa kwa juu, kichwa cha ndoano kichomoze tunduni. Oringi inatundikwa hapo. Nusu ya kifua cha mbele unailaza kifudifudi, unaweka mikono kwenye mabega na kichwa shingoni, kisha unaivuta oringi na kuipitisha kwenye kinguzo cha skrubu ndani ya kifua. Hapo ndipo watu wengi hutukana, kwa sababu ukiachia kidogo, ndoano inarudi ndani na miguu inakwenda chini ya kochi. Mguu wa kushoto ulikwenda kwa ustadhi. Akaurudisha kwa heshima.

Nilipotaka kukaza skrubu baba akanizuia mkono. "Taratibu. Anza kwa kuirudisha nyuma, mpaka uisikie inadondoka kwenye njia yake ya zamani. Ndiyo ukaze." Kweli, ikafanya tik. Ukiisukuma moja kwa moja inachimba njia mpya kwenye plastiki, na baada ya mara chache tundu linakuwa pana, haishiki tena. Jambo hilo baba hakulisoma popote. Na kukaza kwenyewe ni hadi mgongo ufunge, basi. Ukiongeza nguvu, plastiki ya mgongoni inapasuka.

Stalker akasimama. Akakunja goti, akageuza kiuno, akakaa. Ustadhi akacheka hadi akafuta macho, akaomba chai.

Baba akawatengeneza waliobaki mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Gung-Ho alimpa miguu ya mwenzake, nikanyamaza kwa adabu, ila mama mkwe ndiye aliyemsahihisha: "Huyo suruali yake si hiyo. Yake ile yenye madoa." Alikuwa ameshasogea karibu na ungo bila mtu kumwona. Akauliza kama kuna mafuta ya kuwapaka viungo wasikauke, akataja ya nazi. Nikamwambia mafuta ya nazi yanaweza kuharibu mpira, na wakishapakwa vumbi lote la mtaa litawagandia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea masharti ya mganga.

Usiku nikawarudisha kabatini, mstari mmoja, nikafunga kioo. Mama mkwe akasimama mlangoni akiwahesabu.

"Hawa sita sina neno nao," akasema. "Hata huyo wa siri, abaki na siri zake. Lakini huyo anayejua Kiswahili, mwanangu, mtoe. Mimi hapa ndipo ninapobadilishia nguo."